Mfuko wa Kumsomesha Binti Uuguzi: Hotuba ya Mwenyekiti Siku ya Kutimiza Miaka Kumi

  

Awali ya yote napenda tumshukuru Mwenyezi Mungu aliyetufikisha siku ya leo tukiwa wazima. Wako wenzetu watatu tulioanza nao mwaka 2015 ambao leo hatunao. Naomba tusimame kidogo kwa kuwakumbuka. Ahsanteni, tukae.

Ndugu Mgeni Rasmi, katibu wetu amekwisha kukusomea risala, na hesabu za hisa mtazikuta ndani ya kijitabu hiki, kwa hiyo mimi sitazirudia. Mimi ni mama lishe, nimesoma mpaka darasa la saba, nilimaliza mwaka 1984, na hotuba ndefu siziwezi. Nimeomba nizungumzie jambo moja tu, nalo ni mabinti zetu na chuo cha uuguzi. Nimelichagua kwa sababu mbili. Ya kwanza ni kwamba katika jambo hili mimi mwenyewe nilikosea, na sijawahi kulisema mbele ya watu. Ya pili ni kwamba Jumapili ijayo tuna mkutano mkuu, na mezani ipo hoja ya kuvunja Mfuko wa Elimu tugawane. Nataka kila mama atakayenyoosha mkono siku ile awe anajua anaamua kitu gani.

Ndugu wageni, nawaeleza kwanza tulivyoanza. Tulikuwa akina mama kumi na watano, mama lishe, wauza ndizi, wasusi na wauza vitenge vya mkononi. Tunakutana kila Jumapili saa kumi jioni. Kila mmoja alikuwa ananunua hisa ya Sh. 2,000/= na kutoa Sh. 500/= za mfuko wa jamii kwa ajili ya misiba na magonjwa. Sanduku letu lina kufuli tatu, na funguo zake wanashika watu watatu tofauti, na yule anayelala na sanduku nyumbani kwake hana hata ufunguo mmoja. Mkopo ulikuwa wa biashara peke yake, unarudishwa ndani ya miezi mitatu. Kila Desemba tunavunja sanduku, tunagawana, tunaanza upya.

Sasa sikilizeni. Mwezi wa Septemba 2017 mwenzetu mmoja, muuza ndizi, alisimama kwenye kikao. Binti yake alikuwa amepata nafasi chuo cha uuguzi huko mkoani. Barua anayo mkononi, ina muhuri. Chuo kinafunguliwa baada ya wiki tatu. Yule mama alikuwa amekwisha uza friji, amekopa kwa kaka yake, amebakiwa na pengo la shilingi laki sita. Akaomba kikundi kimkopeshe.

Aliyesimama kumjibu ni mimi. Nikamwambia, "Mama, mkopo wa hapa ni wa biashara. Ukikopa ukanunua ndizi, ndizi zinauzwa, pesa inarudi. Ada hairudi." Watu wakacheka, wengine wakapiga makofi. Tukapiga kura, akashindwa. Akakunja barua yake akakaa.

Jamani, siku ile ndani ya sanduku mlikuwa na shilingi milioni mbili na laki tatu. Miezi michache baadaye tukalivunja, tukanunua magodoro, mapazia na nguo za sikukuu. Yule binti hakwenda chuo. Mwaka uliofuata akaajiriwa kuuza duka mtaa wa Kongo, halafu akaolewa, na leo yuko Mbagala na watoto wawili. Simdharau hata kidogo, ana nyumba yake na heshima yake. Lakini mama yake ameniambia kwamba ile barua anayo mpaka leo, ameiweka pamoja na vyeti vya kuzaliwa.

Na jambo linaloniuma zaidi ni kwamba mama huyo hakutukimbia. Kila Jumapili alikuja, akanunua hisa yake, akakaa palepale anapokaa. Mwaka 2019 kwenye mkutano mkuu ndiye aliyenyoosha mkono akasema, "Wangu ameshapita. Lakini wapo wengine nyuma yake. Mwenyekiti alisema ada hairudi. Basi tuwe na mfuko wa pembeni ambao hauna haraka ya kurudi." Ndivyo ulivyoanza Mfuko wa Elimu. Wengi mnadhani lilikuwa wazo langu. Si langu, ni la yule niliyemkatalia.

Ndugu Mgeni Rasmi, huenda mtu akauliza, kwa nini uuguzi? Nitamjibu kwamba sisi watu wa hapa tunaishi na hospitali kama jirani. Kutoka Jangwani mpaka Muhimbili ni mwendo wa miguu. Mji huu ulipata hospitali ya Sewa Haji mwaka 1897, na mwaka 1956 ikafunguliwa ile ambayo wazee wetu waliiita Princess Margaret, ndiyo Muhimbili ya leo. Wengi wetu tumejifungulia humo na wazazi wetu wamelazwa humo. Novemba 2024 ghorofa lilipoanguka hapa Kariakoo, majeruhi waliotolewa kwenye kifusi walipokelewa na mikono ya wauguzi. Lakini tujiulize, katika mabinti waliozaliwa mitaa hii ya kwetu, ni wangapi wamevaa sare ya uuguzi? Wengi tunaingia geti lile tukiwa na kikapu cha chakula cha mgonjwa, basi.

Mimi nilikuwa nafikiri kinachowazuia ni ada peke yake. Miaka hii sita ya kuendesha mfuko imenifundisha kwamba ada ni mlango wa tatu. Kabla yake kuna milango miwili, na baada yake kuna mmoja.

Mlango wa kwanza uko kidato cha pili. Akina mama, hili naomba mlishike hata mkisahau mengine yote. Ili binti achukuliwe stashahada ya uuguzi na ukunga, anatakiwa awe amefaulu kidato cha nne angalau kwa D nne za masomo yasiyo ya dini, na ndani ya hizo lazima ziwemo Baiolojia, Kemia na Fizikia. Akiwa na Hisabati na Kiingereza anaongezewa nguvu. Mimi nilijua Baiolojia. Fizikia nilidhani ni ya mafundi umeme! Mwalimu mmoja akanieleza kwamba mwendo wa dripu, presha ya damu na hewa ya oksijeni, vyote hivyo ni Fizikia.

Sasa, kidato cha tatu watoto wanachagua masomo. Binti anaona Fizikia ngumu, darasa zima wasichana wawili, mwalimu mwenyewe hatoshi, anaiacha anakwenda masomo ya sanaa. Sisi wazazi hatujui. Tunafurahi tu kwamba mtoto yuko shule, na tangu mwaka 2016 shule za serikali hatulipi ada mpaka kidato cha nne. Miaka miwili baadaye anakuja na cheti kizuri cha Kiswahili, Historia na Uraia, anasema, mama, nataka uuguzi. Kumbe mlango ulifungwa siku nyingi, na aliyeufunga ni mtoto wa miaka kumi na tano au kumi na sita, bila mtu mzima kumwambia neno. Katika kikundi hiki mabinti wanne wamekwama hapo. Hao hawakukosa pesa, walikosa Fizikia.

Hali kadhalika anayetaka shahada, kama ile inayotolewa Muhimbili, akipitia kidato cha sita lazima afaulu masomo ya sayansi, zikiwemo Kemia na Baiolojia. Huyo akifika chuo kikuu anaweza kuomba mkopo Bodi ya Mikopo, iliyoanza kazi mwaka 2005. Kwa wa stashahada, serikali ilianza mwaka 2023 kutoa mikopo kwa baadhi ya kozi. Nasema baadhi, kwa sababu si kila kozi imo. Kila mwaka bodi inatoa mwongozo. Mtafuteni kijana anayejua intaneti awasomee mwongozo wa mwaka huohuo, msitegemee maneno ya jirani.

Mlango wa pili ni mwaka wa kungoja. Mtihani wa kidato cha nne unaisha Novemba. Majibu kwa kawaida yanatoka Januari. Chuo kinafunguliwa Septemba au Oktoba. Hesabuni wenyewe, karibu mwaka mzima binti yuko nyumbani. Hapo ndipo anapopelekwa kazi za ndani, ndipo anapopata mimba, ndipo mjomba anapokuja na habari ya mchumba. Na wenye shida hiyo si wabaya wala wajinga, ni watu ambao mdomo mmoja zaidi nyumbani unawaelemea.

Hapo ndipo vishoka nao wanapoingia. Mwaka 2021 mwenzetu mmoja alipigiwa simu na mtu aliyejiita mtumishi wa wizara. Alimwita mama, alilijua jina la binti na shule aliyosoma. Akasema nafasi ipo lakini "ishikiliwe" kwa shilingi laki nne. Akatuma. Simu ikazimwa mpaka leo. Alikaa miezi miwili bila kutuambia kwa aibu. Ndugu zangu, nafasi ya chuo haishikiliwi kwa simu. Maombi yanapita kwenye mfumo wa NACTVET, ndio baraza linalosimamia vyuo hivi, au kwa utaratibu ambao baraza hilo limetangaza. Na kabla ya kulipa senti, hakikisheni chuo chenyewe kimo kwenye orodha ya vyuo vilivyosajiliwa. Kwa mujibu wa Sheria ya Uuguzi na Ukunga ya mwaka 2010, mtu hafanyi kazi ya uuguzi mpaka asajiliwe na Baraza la Uuguzi na Ukunga na apewe leseni. Ukisomesha mtoto miaka mitatu kwenye chuo cha uchochoroni, umenunua karatasi.

Hapohapo kwenye mlango wa pili kuna shida yetu sisi watu wa bondeni. Maji. Mnakumbuka Desemba 2011 Msimbazi ilivyotufuata ndani, wenzetu wengi wakahamishiwa Mabwepande. Maji hayakuchukua magodoro peke yake, yalichukua na vyeti. Binti mmoja wa mwenzetu alikosa kuomba kwa wakati kwa sababu cheti chake cha kuzaliwa kililowa kwenye mafuriko mengine ya baadaye kikawa uji. Kupata kingine ni safari ya RITA, na cheti cha shule kikipotea ni polisi kwanza, ndipo Baraza la Mitihani. Siku zinapita, dirisha la maombi linafungwa. Tangu hapo kikundi kina bahasha. Kila mwenye mtoto sekondari analeta nakala za vyeti, tunaziweka kwenye mfuko wa nailoni kwa mwenzetu anayekaa ghorofani Kariakoo. Haitugharimu kitu, na imeshasaidia mara mbili.

Mlango wa tatu ndio ada. Ndugu Mgeni Rasmi, ada yenyewe imeandikwa, unaiona, unaipigia hesabu. Kinachomwangusha mzazi ni yale madogomadogo yaliyoandikwa ukurasa wa pili. Sare za wodini, viatu, saa ya mkononi yenye mshale wa sekunde kwa ajili ya kuhesabu mapigo ya moyo, kipimajoto, bima ya afya, kupimwa afya, ada ya mitihani, godoro, ndoo, chakula, nauli. Halafu katikati ya mwaka chuo kinawapeleka kwenye mazoezi hospitali ya wilaya nyingine, hapo kuna nauli tena na mahali pa kulala. Binti wetu wa kwanza alinipigia simu usiku anasema, "Bibi, ada nimelipiwa, lakini nimeambiwa nisiingie wodini mpaka niwe na viatu." Viatu! Tulichanga palepale.

Na kuna jambo moja la kalenda ambalo lilitugonga usoni. Chuo kinataka pesa Septemba na Oktoba, na tena kwenye muhula wa pili. Sanduku letu lilikuwa linavunjwa Desemba. Maana yake pesa tulikuwa nazo miaka yote, lakini zilikuwa zinafunguliwa baada ya chuo kufunga mlango wake. Ndiyo maana Mfuko wa Elimu tuliupa daftari lake na tarehe zake. Hauvunjwi Desemba. Unafunguliwa mara mbili kwa mwaka, wakati wa kulipa chuo.

Utaratibu wake ni mwepesi. Wanachama tuko thelathini, kila mmoja anatoa Sh. 1,000/= kwa wiki. Pesa anayopewa binti, nusu ni msaada na nusu ni mkopo usio na riba ambao mama yake anaurudisha kidogokidogo. Tangu Septemba 2019 mpaka mwisho wa Agosti mwaka huu wa 2025 ni wiki 312. Tulisimamisha michango wiki nane wakati wa corona mwaka 2020, na wiki nane nyingine baada ya soko letu la Kariakoo kuungua usiku wa tarehe 10 Julai 2021, maana wenzetu walibaki mikono mitupu. Kwa hiyo tumechanga wiki 296, jumla Sh. 8,880,000/=. Tumewalipia mabinti watatu Sh. 9,580,000/=, nusu yake, yaani Sh. 4,790,000/=, ikiwa ni mkopo. Mikopo iliyorudishwa ni Sh. 2,840,000/=. Bado ziko nje Sh. 1,950,000/=. Kwenye mfuko leo kuna Sh. 2,140,000/=. Mweka hazina amezihakiki, na daftari lipo hapa mezani kwa anayetaka kuliangalia.

Mlango wa nne ndio uliotusumbua zaidi, na ndio uliozaa hoja ya kuvunja mfuko. Binti wetu wa kwanza aliingia chuo mwaka 2020, akamaliza mwaka 2023, akafanya mtihani wa Baraza, akapata leseni. Tulipika pilau. Tukadhani Jumatatu ataanza kazi. Haikuwa hivyo. Alikaa mwaka mmoja na miezi minne akijitolea kwenye kituo cha afya, anapewa nauli, siku nyingine hata nauli hakuna. Maneno yakaanza chinichini: "Tumesomesha mtu wa kukaa nyumbani." Nami nilianza kuona haya.

Hapa mtu anashangaa. Shirika la Afya Duniani lilisema mwaka 2020 kwamba duniani wanapungua wauguzi karibu milioni sita. Hapa nchini, mpango wa MMAM wa mwaka 2007 ulitaka kila kijiji kiwe na zahanati na kila kata kituo cha afya, na majengo mengi yamejengwa. Sasa inakuwaje wodi haina wauguzi wa kutosha na muuguzi yuko nyumbani hana kazi? Nilimuuliza mzee mmoja mstaafu wa afya, akaniambia, "Mwenyekiti, mgonjwa akihitaji muuguzi haimaanishi kwamba mshahara wake umeshatengwa." Nikaelewa. Kwa hiyo msiwadanganye mabinti kwamba leseni ni kazi. Leseni ni ufunguo, mlango wenyewe unaweza kuchelewa kufunguliwa. Mpango wetu lazima uwe na subira hiyo ndani yake.

Mwanzoni mwa mwaka huu binti yule ameajiriwa zahanati ya mtu binafsi. Mshahara si mkubwa, lakini ni mshahara. Mama yake amemaliza deni lote. Na kila Jumapili ya kwanza ya mwezi binti anakuja kikaoni na mashine yake anatupima presha bure. Amekwisha gundua wawili ambao presha iko juu na hawakuwa wanajua. Mmoja wa hao wawili ni mimi. Kwa hiyo mkiniona leo natembea na vidonge kwenye mkoba, mjue ada imerudi.

Wa pili amemaliza masomo mwaka huu, anangoja mtihani wa Baraza. Mama yake anasuasua kulipa lakini hajaacha. Wa tatu alianza mwaka jana, mwezi ujao anaingia mwaka wa pili. Na yuko wa nne, amechaguliwa mwaka huu, barua ameileta wiki iliyopita. Nilipoiona imekunjwa vile mkononi, moyo wangu ulirudi 2017.

Sasa nije kwenye hoja yenyewe. Wenzetu walioileta si watu wabaya, naomba tusinuniane. Wanasema tuuvunje mfuko, tununue viti na maturubai ya kukodisha kwenye shughuli, pesa izae, na wengine wanasema tugawane tu kwa kusherehekea miaka kumi. Wanasema pia, na ni kweli, kwamba wanachama ishirini na zaidi hawana binti wa kwenda uuguzi, wanachangia watoto wa wenzao. Na baada ya mradi wa Bonde la Msimbazi baadhi yetu wamehama, wanapanda mabasi mawili kuja kikaoni, kila shilingi wanaihesabu.

Nimepiga hesabu. Sh. 2,140,000/= ukigawa kwa watu thelathini, kila mmoja anapata kama Sh. 71,000/=. Ni doti kadhaa za khanga. Zitafuliwa, zitapauka, tutazifanya matambara. Upande wa pili yupo binti aliyekwisha soma mwaka mmoja, ambaye tukivunja Jumapili atarudishwa nyumbani Oktoba, na ule mwaka mmoja hauna cheti. Na yupo mwenye barua. Viti na maturubai mimi naviunga mkono, tuvinunue kwa pesa ya hisa Desemba, hapo ndipo mahali pake.

Na kwa wale wasio na binti, nasema hivi. Mama aliyeanzisha mfuko huu hakuwa na binti wa kumpeleka. Amechangia wiki zote 296, hakuacha hata moja. Jina lake silitaji kwa sababu amenikataza.

Ndugu Mgeni Rasmi, mji huu wa Dar es Salaam una desturi hiyo toka zamani. Bibi Titi Mohamed, mtoto wa hapahapa, shule yake ilikuwa ya miaka minne tu. Mwaka 1955 alipita kwenye vikundi vya ngoma vya akina mama akawaingiza katika TANU, vikundi vya akina mama wa kawaida kama sisi. Na Lucy Lameck kutoka Moshi alisomea uuguzi kwanza, ndipo akaja kuwa mbunge na naibu waziri. Mmoja hakuwa na elimu kubwa, mwingine alikuwa nayo, na nchi iliwahitaji wote wawili. Sisi ni wa upande wa Bibi Titi. Tunatafuta wa upande wa pili.

Kabla sijamaliza, nina maombi matatu. La kwanza kwako Mgeni Rasmi na viongozi wa kata. Tusaidieni walimu wakuu watuite wazazi mtoto akiwa kidato cha pili, kabla hajachagua masomo, watueleze kila somo linafungua mlango gani na linafunga upi. Kikao kimoja kwa mwaka kinatosha. La pili ni kuhusu mikopo ya asilimia kumi ya halmashauri, ambayo asilimia nne ni ya wanawake. Ilisimamishwa mwaka 2023 na ikaanza tena mwaka 2024. Tuelekezwe vizuri namna ya kuomba, ili biashara zetu zikope huko na akiba yetu ndogo ibaki kwa watoto. La tatu ni kwenu wanachama. Jumapili saa kumi kamili, msichelewe, na msimtume mtu akupigie kura. Kura ni ya mikono wazi. Mimi nitanyoosha mkono wangu upande ambao sikuunyoosha mwaka 2017, na mtakaloamua wengi nitalifuata.

Nawaombea heri miaka kumi mingine, na sasa nawakaribisha chakula. Akina mama wa jikoni wameamka saa tisa usiku, msiwaangushe.